Nani Huenda Berry Mwezi wa Novemba?

Josiane Lavergnat si mtu wa kushuku watu. Hiyo kazi ni yangu. Yeye akiuziwa sokoni jibini iliyokauka, husema labda muuzaji alikuwa na haraka. Alipika katika jiko la shule ya kata yetu mpaka alipostaafu, na watoto aliowalisha leo ni wababa wenye vitambi ambao wakimwona sokoni huvua kofia na kumkumbusha supu yake ya maboga. Hajawahi kugombana na mtu. Mimi nimegombana na wote, wengine zaidi ya mara moja, na bado tumekuwa marafiki, kwa sababu kitongojini kwetu huna wa kuchagua. Nyumba ya juu kilimani ni yao, yeye na mumewe Régis. Nyumba ya njia panda ni yangu. Zilizobaki ni za Waingereza, wanaokuja Julai, wakapaka rangi madirisha, wakaondoka.

Kwa hiyo jioni ile ya Oktoba aliposukuma mlango wangu bila kubisha hodi, akakaa na koti lake mwilini, nilijua mambo si shwari.

"Shoga," akasema, "Régis anataka kunipeleka mapumziko."

"Régis yupi?"

"Acha mzaha, Odile. Régis wangu."

Nilikuwa namenya viazi. Nikaweka kisu chini.

"Mapumziko wapi?"

"Berry."

"Berry! Lini?"

"Novemba. Mara tu baada ya sikukuu ya Watakatifu Wote, tukishapeleka maua makaburini. Siku tatu, kwa gari. Tunazunguka tu, anasema. Tunalala kwenye vihoteli vya mashambani, tunarudi."

Sisi watu wa jimbo la Creuse tukitaka kustarehe tunakwenda baharini, tena tunakwenda Agosti, kama watu wengine wenye akili zao. Berry ni hapo tu kaskazini kwetu, na Berry ya Novemba ni matope. Mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa, tambarare mpaka macho yachoke, ukungu asubuhi, ukungu jioni, na nusu ya hoteli zimefungwa kwa sababu wenyewe wako likizo. Mtu akikupeleka Berry Novemba, hakupeleki kustarehe.

Halafu huyu Régis! Alikuwa dereva wa lori la maziwa. Kila alfajiri shamba kwa shamba, mvua au barafu, miaka nenda miaka rudi. Barabara za kwetu alizijua kwa makalio, hivyo ndivyo alivyojisifu mwenyewe. Alipostaafu alitangaza kwamba mapumziko yake yeye ni kukaa kwenye kiti kisichokwenda popote. Binti yao Nadège amewaalika Uhispania, amewaalika milimani kwenye theluji, na kote Régis amekataa. Sasa mtu huyo anataka kuzunguka Berry?

"Amekwambia sababu?" nikauliza.

"Anasema bei ni nafuu nje ya msimu."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia asante." Akafunga kifungo cha koti, akakifungua tena. "Lakini shoga, naogopa."

Sikuhitaji kuuliza anaogopa nini. Kitongojini kwetu sote tunaogopa kitu kimoja. Mzee Léonce, aliyekuwa akikaa karibu na kisima, wanawe walimwambia Jumapili moja kwamba wanampeleka matembezi kwa gari akaone maua. Akaondoka na viatu vyake vya nyumbani. Gari likasimama mbele ya nyumba ya kutunzia wazee. Chumba kilikuwa tayari, nguo zake zilikuwa zimeshatangulia, na hakurudi kwetu tena ila siku ya kuzikwa.

Na Pasaka iliyopita, hapo hapo mezani mbele ya nyama ya kondoo, Nadège aliwaambia wazazi wake: siku mmoja wenu akishindwa, mnakuja Limoges karibu nami, na sitaki mjadala. Hakukosea sana. Kwetu hakuna basi, duka lilishafungwa, hata gari la muuza mikate limeacha kupita. Josiane aliinuka akaenda kuleta kahawa. Lakini alizaliwa katika nyumba ile, mama yake alifia chumba cha juu, na yeye anataka kufia humo humo, kuku wake wakipiga kelele chini ya dirisha. Hana tamaa nyingine duniani.

Nikamwambia tusubiri tuone. Nilisema hivyo, mimi ambaye siwezi kusubiri hata maji yachemke.

Siku chache baadaye akarudi. Safari hii alikuwa na habari.

"Anapiga simu," akasema. "Anajifungia kwenye korido, anafunga mlango. Lakini ana sauti ya dereva, unamjua, alizoea kushindana na injini."

"Anampigia nani?"

"Mahoteli, anasema. Nyingi hazipokei. Zinazopokea, anauliza kama kuna ngazi. Anauliza kama uwanja wao ni mpana. Kama una nguzo. Kama kuna watu wengi. Jana alimuuliza mama mmoja, 'Na barabara ya kuja kwenu, imenyooka?' Sijui akajibiwa nini, lakini alifurahi huyo! Akasema, 'Safi sana, bibie, ndivyo ninavyotaka.'"

"Hakuuliza wanapika nini?"

"Hata mara moja."

Mtu wa nchi hii apige simu hotelini asiulize chakula! Hakuna ngazi, uwanja mpana, kimya, watu wachache.

"Hiyo si hoteli," nikasema. "Hiyo ni nyumba ya wazee."

Nilisema kabla ya kufikiri, ndivyo nilivyo.

"Lakini amenikataza nisimwambie Nadège," Josiane akasema. "Kama wanapanga pamoja, mbona anikataze?"

"Ili usimuulize ukamkamata kwenye uongo. Nadège hajui kudanganya, amekurithi wewe."

"Au?"

"Au ni mwanamke."

Josiane akacheka mpaka akafuta machozi. "Mwanamke! Régis! Na lile goti lake! Na usingizi unaomchukua kabla taarifa ya habari haijaisha! Huyo mwanamke ana shida gani?" Kisha kicheko kikakatika. "Lakini ni kweli hanitazami siku hizi. Nikizungumza naye anatazama sikio langu. Pembeni ya sikio, hasa. Usoni hanitazami kabisa."

Mume asiyemtazama mkewe usoni. Nani angehitaji ushahidi zaidi?

Tangu siku hiyo Josiane akawa mwanafunzi wangu, na alifuzu haraka. Kila asubuhi alifungua kabati akahesabu magauni yake, aone kama kuna lililotangulia. Viatu vyake vya nyumbani alivificha chini ya gunia la mahindi ya kuku, asije akatolewa navyo. Alimuuliza Régis watarudi siku gani, naye akajibu bila kusita, "Alhamisi mapema, kwa ajili ya kuku." Akanijia mbio kuniuliza hilo lina maana gani. Nikamwambia mtu anayejibu upesi hivyo kajiandaa.

Siku ya soko Régis alitupeleka mjini sote wawili, kama kawaida. Nilikaa nyuma na biskuti zangu, nikimchunguza kisogo. Aliendesha polepole ajabu, kaukumbatia ukingo wa barabara. Kwenye mzunguko wa kuingilia mjini alisimama, akasimama, akasimama, mpaka gari la nyuma likatupigia honi.

"Baba Nadège, vipi?" Josiane akauliza.

"Hakuna haraka," akasema.

Josiane alininong'oneza kwamba anabana mafuta. Mimi nilikuwa na maelezo yangu: huyu hataki gari lipate mkwaruzo kwa sababu ana mpango wa kuliuza. Na atakayeuza gari kitongojini kwetu, ameshauza na nyumba.

Jumamosi nikamvizia peke yake. Alishuka kwa miguu kuniletea mayai ya Josiane, akayaweka mezani kwa uangalifu, akipapasa kwanza ukingo wa meza.

"Shemeji," nikamwambia, "nasikia mnakwenda Berry."

"Tunakwenda."

"Berry kuna nini?"

"Kuna barabara."

"Barabara hata hapa zipo."

"Za hapa zina kona."

"Na kona zimekukosea nini, wewe uliyezeeka nazo?"

"Odile," akasema, "ungeajiriwa polisi, wezi wote wangehamia Ubelgiji."

Alitabasamu, ila alikuwa akilitabasamia kabati langu la vyombo. Kisha akageuka kuondoka, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya majivu niliyokuwa nimeiweka katikati ya njia asubuhi ile, ndoo nyekundu, kubwa, akaipiga teke majivu yakatapakaa sakafu nzima.

"Ndoo hii imeanza lini kukaa hapa?" akauliza kwa hasira.

"Leo."

"Ungesema!"

Akaondoka bila kuaga. Nilifagia yale majivu nikiwaza: kichwa cha mzee huyu kimejaa mambo, na mambo yenyewe si ya halali. Mtu mwenye amani haoni ndoo nyekundu?

Nikapanda kwa Josiane siku hiyo hiyo, nikamkuta bandani kwa kuku. "Sikiliza," nikamwambia. "Mwambie akuonyeshe njia kwenye ramani. Kila mji, kila kijiji, na mnapolala. Kwa mdomo mtu anaweza kupita popote anapotaka. Kwenye ramani lazima akanyage ardhi. Na mimi nitakuwepo."

"Akikataa?"

"Akikataa, hupandi gari."

Jumapili baada ya chakula cha mchana nikaenda na pai ya viazi, nimeifunika kwa kitambaa, kusudi nionekane nimekuja kwa wema. Régis alikuwa mezani na bakuli lake la kahawa. Josiane alikuwa amesimama, anafuta sahani iliyokwisha kukauka.

"Baba Nadège," akaanza, "Odile anataka kujua tunapita wapi."

"Odile anataka kujua kila kitu."

"Mimi pia nataka."

"Nimeshakwambia. La Châtre, Issoudun, Levroux, halafu tunarudi."

"Kwenye ramani, shemeji," nikasema.

Akanywa kahawa. "Ramani ziko garini," akasema.

"Naleta," Josiane akajibu, na kabla hajamaliza kulisema neno alishafika uani. Alirudi na ramani, akaifungua juu ya meza, akasukuma pai pembeni. Régis akailaza kwa viganja vyote viwili, akanyoosha mikunjo. Amezipenda ramani maisha yake yote.

Josiane akainama, akakunja uso. Nami nikainama. Ilikuwa ramani ya Bretagne, ile waliyonunua walipompeleka Nadège mdogo kuona bahari. Kwa haraka zake alikuwa amechukua isiyo yenyewe. Akafungua mdomo aseme, lakini Régis alikuwa ameshaanza.

"Haya, tazameni basi," akasema, kwa sauti yake ya zamani, sauti ya mwenye njia. "Sisi tuko hapa." Akaweka kidole. "Tunapanda hivi, polepole, mpaka La Châtre. Hapa. Tunakunywa kahawa." Kidole kikapanda. "Kuanzia hapo barabara imenyooka, hakuna kona, hakuna miti. Issoudun tunakula mchana. Halafu Levroux, na hapa ndipo tunalala." Akagonga karatasi kwa ukucha. "Mama mmoja ndiye mwenye hoteli, mwema sana. Ana uwanja ambamo unaweza kugeuza hata lori."

Alipogonga palikuwa ni bahari. Buluu tupu, hata kisiwa hakuna.

Nilidhani anatufanyia dharau, kwamba hata kutafuta ramani ya kweli kaona si kazi yake, sisi ni wanawake, tutaona nini. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Nikamtazama Josiane niyaseme pamoja naye, lakini Josiane hakunitazama. Alikuwa akiyatazama macho ya mumewe. Na macho ya mumewe hayakuwa kwenye kidole chake. Yalikuwa pembeni, kwenye sahani ya pai, yamekazwa, yanatafuta.

"Baba Nadège," akasema taratibu. "Hebu rudia tunapolala."

Akagonga tena, mahali pengine. Bahari vilevile.

"Régis. Hapo ni baharini."

Kidole kikabaki palepale.

"Mmebadilisha ramani," akasema. "Mmenitega."

"Nimekosea kuchukua. Hii ni Bretagne, Régis. Ina bahari pande tatu. Hata mtoto angeona."

Régis akaanza kuikunja ramani, na aliikunja vizuri, kila mkunjo mahali pake, bila kuitazama. Alipomaliza akaiweka mbele yake.

"Katikati pamekufa," akasema. "Pembeni naona. Katikati kuna doa, na kila ninapotazama, doa linatangulia. Nikikutazama usoni, uso wako haupo. Nikitazama sikio lako, ninakupata kidogo."

Josiane akashika mgongo wa kiti. "Tangu lini?"

"Limekuja polepole. Daktari wa macho aliniambia mwezi wa tisa. Alisema halitibiki. Alisema na gari niache."

"Mwezi wa tisa!" Sijawahi kumsikia Josiane akipaza sauti, hata kwa watoto mia wa shule waliokuwa wakirushiana mikate. "Na siku ya soko? Na siku zote za soko? Ulitubeba mimi na Odile huoni mbele?"

"Barabara ile naijua."

"Barabara unaijua! Na watoto wanaovuka, unawajua? Na huyo wa baiskeli anayetoka kwa mganga wa mifugo, unamjua atatoka saa ngapi? Mpumbavu! Mzee mpumbavu wewe!"

Mimi nilikuwa nimekaa kimya, jambo la nadra. Nilikuwa nakumbuka biskuti nilizokuwa nikitafuna kiti cha nyuma.

Josiane akanyoosha mkono. "Funguo."

Régis akazitoa mfukoni, akaziweka mezani karibu na mkono wa Josiane, si kiganjani. Josiane akazichukua akazitia kwenye mfuko wa aproni.

"Nadège akijua tumekwisha," Régis akasema. "Wiki hiyo hiyo atakuja kutuchukua. Ndiyo maana nimenyamaza."

"Kwa hiyo ukaona heri unipeleke Berry ukaniulie huko?"

"Nani kasema nitaendesha mimi?"

Tukamtazama sote wawili.

Josiane ana leseni. Mimi nilikuwa nimesahau, na yeye mwenyewe nusura asahau. Ni ile karatasi ya rangi ya waridi inayokunjwa mara tatu, ina picha yake msichana mwenye nywele za kuviringwa, na kwa watu wa rika letu bado inatambulika. Lakini hakuwa ameshika usukani tangu Nadège yuko shule. Siku aliyoacha nilikuwepo. Ilikuwa sikukuu ya kijiji, akarudisha gari nyuma uwanjani mbele ya watu wote, akaligonga beseni la maua la ofisi ya meya. Kitu kidogo. Régis alikuwa na glasi mkononi, akasema kwa ile sauti yake ya kushindana na injini, "Jamani, mke wangu ni mpishi, msimdai zaidi!" Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Josiane naye alicheka, akampa funguo, na hakuziomba tena maishani mwake.

"Nilikuaibisha mbele ya watu," Régis akasema sasa, akiongea na sikio lake. "Nimelijua hilo siku zote. Na hapa ukishika usukani, huyu," akanyoosha kidole upande wangu, akakosea akaonyesha friji, "atakuwa dirishani, na kata nzima itajua kabla hujatia gia ya pili. Nikatafuta mahali pasipo na watu. Berry, Novemba, hata mbwa hatoki nje. Barabara zimenyooka. Viwanja vipana, hakuna nguzo. Siku tatu. Nikasema ukirudi utakuwa dereva, na hakuna atakayekuwa amekuona unajifunza."

"Na mpaka Berry kwenyewe ningefikaje?"

"Ningekuomba usukani pale tukishapita kona ya mwisho ya kwetu. Nilikuwa natafuta maneno."

"Wiki zote hizi ulikuwa unatafuta maneno."

"Sikuyapata."

Josiane akakaa. Nilidhani atalia. Niliyelia ni mimi, nikasingizia kitunguu cha kwenye pai, na hakuna aliyenisikiliza. Yeye alikuwa akiigeuzageuza ile ramani ya Bretagne. Nilijua anachohesabu, maana nilikuwa nakihesabu mimi pia: soko, duka la dawa, kanisa, hospitali, Limoges. Kuku. Chumba cha juu. Vyote hivyo sasa vilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake, na alikuwa anaogopa kuliko alivyoiogopa nyumba ya wazee.

"Huko tunapolala," akasema hatimaye, "wanapika nini?"

"Sijauliza."

"Hujauliza! Kapige simu ukaulize. Na kuanzia leo njia napanga mimi. La Châtre ina mlima wa kuingilia, hilo ulilisahau? Tutaizunguka."

"Haina mlima wa maana."

"Nani anaendesha?"

Régis akainuka, akaenda kwenye simu akipapasa ukuta. Safari hii hakufunga mlango wa korido.

Waliondoka Jumanne baada ya Watakatifu Wote, asubuhi, makaburi ya kwetu yote yakiwa yamejaa maua. Régis aliniapisha nisisimame dirishani. Nikaapa, na kiapo nilikitimiza: nilisimama nje, kwenye geti.

Nyumba yangu iko pale ambapo kijia chetu kinakutana na barabara kubwa, na upande wa kulia ghala la Waingereza linaziba kila kitu mpaka usogee hasa. Nililisikia gari kabla ya kuliona. Liliwaka kule juu, likazima. Likawaka, likazima. Kisha likashuka kwa gia ya kwanza, linalia, Josiane kaukaribia usukani mpaka kifua kinaugusa. Alikuwa ameshusha vioo vyote kwa sababu ya ukungu. Régis alikuwa kiti cha pembeni, kofia kichwani, mikono mapajani, na mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu mahali pasipo na breki.

Wakasimama kwenye mstari wa njia panda. Josiane aliniona, akajifanya hakuniona.

Pale nilipokuwa nimesimama niliiona barabara kubwa yote, kulia na kushoto. Ilikuwa tupu. Ningeinua mkono tu nikawapungia wapite, na mkono ulishaanza kupanda. Nikautia mfukoni.

Huku kwetu watu waliozeeka ndani ya gari moja hugawana njia panda. Dereva hutazama kushoto, mwenzake kulia, na maneno ni yale yale kila siku. Kwa maisha yao yote Régis ndiye aliyeuliza, na Josiane ndiye aliyejibu.

"Kulia kweupe?" Josiane akauliza.

Régis akageuza kichwa kulia. Akakaa hivyo, shingo kaikaza. Tangu nimfahamu, sijawahi kumsikia akikiri kwamba kuna kitu barabarani asichokijua.

"Sijui, mke wangu," akasema.

Josiane akavuta gari mbele kidogo, akainama juu ya usukani mpaka pua ikakaribia kioo. Akatazama kulia mwenyewe. Akatazama kushoto, akatazama kulia tena. Kisha akaachia klachi, akaingia barabarani.